Nzuri, Ila

Mume wangu Silvanus ndiye aliyetangaza kwamba Elinaza ni beki. Ilikuwa kwenye sherehe ya komunyo ya kwanza ya binti yetu Jacqueline, hapa hapa Malvern, mtaa wa Scarborough jijini Toronto, mwaka 2003. Mtu akauliza yule kijana wa Mama Elinaza anacheza mpira gani huko shuleni. Elinaza alikuwa pale, sambusa mbili mkononi na moja mdomoni. Akameza, akasema yeye ni kwotabeki. Silvanus, ambaye tangu azaliwe hajui mpira mwingine zaidi ya Simba na Yanga, akadaka kipande kimoja tu cha neno.

"Beki! Safi kabisa. Wa kulia au wa kushoto?"

"No, Uncle. Kwotabeki. Kwota ni kama... robo."

"Robo beki?" Silvanus akamtazama kijana wa watu, kichwa kinakaribia kugusa taa. "Na urefu wote huo! Sasa beki mzima utakuwa lini?"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa changu kipya cha meza. Jina likaganda. Watanzania wote wa Malvern wakamwita Robo Beki, na mimi, Asumpta, Mama Jacqueline, namwita hivyo hadi leo ingawa ana ndevu na alishaacha kucheza. Haya ninayoyaandika ameniruhusu mwenyewe. Alisema, "Andika, Anti, lakini usinipambe." Kwa hiyo simpambi.

Kwa msioujua, mpira wa Kanada ni ule wa kushika mikononi. Mpira wenyewe umechongoka ncha mbili, wachezaji wamevaa kofia ngumu na mabega ya kubandika, na kazi yao kubwa ni kuangushana. Wanacheza kufumba na kufumbua, halafu wanajadiliana kama wapo kwenye kikao cha harusi. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira, na ana nafasi ya kuvuta pumzi mbili tatu aamue amrushie nani kabla majitu ya upande wa pili hayajamfikia. Tena ndiye msemaji. Wenzake kumi na mmoja humzunguka, yeye anawaambia nani aende wapi. Mtu huyu aliyewasemea wenzake wote ndiye aliyeshindwa kusema neno moja la kumhusu yeye mwenyewe, na neno hilo nusura limpotezee mkono.

Mama yake alifika hapa mwaka 1997 kutoka Machame, mjane, na mtoto wa miaka tisa. Tuliishi ghorofa ya saba, milango inatazamana. Alipata kazi kwenye nyumba ya wazee, kuwanyanyua kitandani, kuwaogesha, kuwarudisha kitandani. Ukimuuliza habari, jibu lilikuwa lile lile: nzuri tu, Bwana asifiwe. Ametoka zamu mbili mfululizo, nzuri. Lifti imeharibika naye amepanda ngazi na mifuko ya unga na viazi, nzuri. Mimi nikiulizwa habari nasema yote, hata bomba la jikoni lililoziba, mpaka Silvanus ananikanyaga mguu chini ya meza. Mama Elinaza hakuumbwa hivyo.

Elinaza alinisimulia jambo la mwaka ule waliofika. Simu iliita kutoka Machame. Yeye alikuwa amekaa kwenye zulia anamsikiliza mama yake. Shikamoo baba mdogo. Nzuri. Wazima wote. Ng'ombe je? Migomba je? Nzuri, nzuri. Mama akacheka kidogo, akauliza mvua, akajibiwa. Kisha akanyamaza, akaketi. Babu yake Elinaza alikuwa amefariki alfajiri ile.

Mtoto akauliza kwa nini baba mdogo amesema nzuri wakati babu amekufa. Mama yake, machozi yanamtoka, akamweleza taratibu: "Mtu humtupii msiba mlangoni, mwanangu. Unampa kiti kwanza. Nzuri ndiyo kiti. Habari yenyewe inakuja baadaye, kwenye ila."

Sisi tuliokulia huko hatuhitaji kufundishwa hilo. Mtu akisema nzuri, unauliza tena, na tena, huku unamsikiliza sauti. Ila ikiwapo itatoka. Elinaza alilishika somo lile kwa moyo wote. Bahati mbaya alikwenda kulitumia mahali ambapo watu wanauliza mara moja tu.

Mpira ulimpata kwa kosa la theluji. Alikuwa kidato cha kwanza au cha pili, kwa hesabu zetu za nyumbani, akatupa donge la theluji kutoka upande mmoja wa uwanja wa shule likaenda kupiga kengele ya baiskeli iliyofungwa upande wa pili. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mwalimu wa michezo. Mwalimu alimwadhibu kwanza, kisha akamtoa nje akamwomba arudie. Akarudia. Kengele ikalia tena. Siku iliyofuata akapewa mpira.

Nisiwachoshe na miaka iliyofuata. Alicheza sekondari, akacheza chuo kikuu hapa hapa Toronto, na mama yake alikuwa anakwenda uwanjani na blanketi mbili na chupa ya chai, anafumba macho kila mwanawe akiguswa. Nilimuuliza unaona nini sasa ukifumba. Akasema, "Nasikiliza. Watu wakishangilia nafungua." Mwaka 2011 timu moja ya huko magharibi, kwenye tambarare za ngano, ikamchukua. Wachezaji wa nafasi ile karibu wote hutoka Marekani, kwa hiyo kijana wa Malvern, tena mzaliwa wa Machame, lilikuwa jambo la kutoa machozi. Silvanus alilipia chaneli ya michezo. Robo Beki alikuwa wa akiba, kwa hiyo msimu mzima tulikuwa tunatazama mgongo wake akiwa amesimama pembeni na kofia. Hata mgongo tuliupenda. Mchezaji wa kwanza alipoumia, Elinaza akaingia, akarusha mpira mrefu ukadakwa, na ghorofa ya saba ilipiga kelele mpaka mlinzi akapanda kuuliza kuna nini.

Sasa bega. Lilianza kumuuma msimu wa pili, mwaka 2012, bega la mkono wa kulia, mkono wa kurushia. Kwanza likawa la asubuhi tu. Kisha vidole viwili vya mwisho vikaanza kufa ganzi. Timu ilikuwa na mtu wa tiba, mtu mwema kabisa, Elinaza hajawahi kumsema vibaya. Kila baada ya mazoezi mtu yule alipita kwa kila mchezaji. Alipofika kwa Elinaza aliuliza bega linaendeleaje.

"Good," Elinaza alijibu.

Mtu yule akashukuru akaenda kwa mwingine. Wachezaji ni wengi, naye hakuwa na sababu ya kurudia swali lililojibiwa. Na Elinaza akabaki amekaa kwenye benchi.

"Anti, nilikuwa namsubiri aulize tena," aliniambia. "I swear. Nimekaa pale, shati mkononi, ila iko hapa kwenye ulimi. He never asked again. Wazungu hawaulizi tena."

Mimi nikaona nimepata sababu. Nikamwambia basi kosa si lako, ni la desturi, mtoto alilelewa na adabu akaponzwa na adabu. Elinaza akatikisa kichwa.

"No, Anti. Usinisaidie kudanganya. Wiki ya kwanza ilikuwa desturi. After that ilikuwa woga. Nilijua nikisema, ataingia mwingine. Nikajificha nyuma ya nzuri."

Nilimpenda zaidi kwa maneno hayo. Watu wengi waliocheza mpira hawakosi mtu wa kumlaumu.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa kumi, baridi imeanza. Tuliiona kwenye televisheni. Alikuwa anainua mkono arushe, na jitu moja la upande wa pili likamfikia mkono ukiwa juu kabisa. Halikuvunja sheria yoyote, lilifanya kazi yake. Mama Elinaza alikuwa kwangu, amefumba macho kama kawaida. Akasubiri kelele za kushangilia. Hazikuja. Akafumbua mwenyewe, na mwanawe alikuwa bado chini.

Walimpasua wakashona kano zilizokatika. Jitu lile lilimpigia simu hospitalini siku ya pili yake, na hadi leo kila Krismasi linamtumia salamu. Msimu ukaisha, mkataba wake pia ukaisha, na Elinaza akarudi Malvern kwenye chumba chake cha utoto, ambacho kitanda chake kinamwishia kwenye vigimbi vya miguu. Daktari aliyempasua alimwambia waziwazi: mkono usipopita juu ya bega kabla ya kiangazi, usitegemee utapita tena.

Kurudi uwanjani alishakuaga kimyakimya. Alichokitaka ni mkono. Shule yake ya zamani ilikuwa imemwahidi kazi ya kuwafundisha watoto mpira, na kocha wa kurusha asiyeweza kunyoosha mkono atafundisha nini? Tena alikuwa anavalishwa shati na mama yake, mwanamume wa miaka ishirini na minne, mama anamshikia mkono wa shati kama siku ya kwanza ya shule.

Tukamuuliza sote, kila siku, koridoni, kwenye lifti. Habari ya mkono? Nzuri. Unaendeleaje, baba? Nzuri tu. Mama yake aliuliza tena na tena kama tunavyojua sisi, lakini mtoto alikuwa ameshajifunza kuuacha mlango umefungwa. Ila haikutoka hata kwa mama.

Jikoni kwa Mama Elinaza, juu kabisa ya makabati, kuna sufuria moja kubwa ya pilau. Hutoka mara moja kwa mwaka, kwenye sherehe ya Uhuru, mwezi wa kumi na mbili, maana hakuna Mtanzania wa Scarborough anayekubali Uhuru bila pilau ya mama huyu. Tangu Elinaza arefuke, kazi ya kuishusha ilikuwa yake, mkono mmoja, huku anaongea na simu. Mwaka ule mama yake alisahau. Alikuwa anakata vitunguu, akasema bila kugeuka, "Eli, nishushie sufuria." Elinaza akainua mkono wa kulia kwa mazoea. Ulifika usawa wa kifua ukagoma. Akausukuma juu kwa mkono wa kushoto, akaigusa sufuria kwa ncha za vidole visivyosikia kitu, na sufuria ikaanguka ikabonyea sakafuni.

Mimi na Silvanus tulikuwa pale pale jikoni. Mama Elinaza akasema, "Pole, baba. Umeumia?"

"I'm good, Mama. Nzuri."

Akatoka jikoni. Silvanus akaiokota sufuria akaanza kuinyoosha kwa ngumi, akijifanya ni kazi muhimu sana. Mama Elinaza akarudi kwenye vitunguu, na safari hiyo machozi hayakuwa ya vitunguu.

Mwezi wa pili niligundua kwamba hata mazoezi ya viungo alikuwa ameacha kwenda. Nilimbana kwenye lifti, mahali pasipo pa kukimbilia. Akakiri. Kule alikokuwa anakwenda waliuliza zoezi limekwendaje, akajibu good, basi wakaongeza uzito. Good tena, wakaongeza tena. Alikuwa akirudi nyumbani anatapika kwa maumivu. Wao walifuata maneno yake, wangefanya nini? Akaona bora asiende.

Sasa mimi hasira zangu ziko karibu, hilo Silvanus atawaambia. Nilimwambia, "Kesho saa tatu uko kazini kwangu. Usipokuja nitamwambia mama yako kuhusu kutapika." Alikuja.

Kazi yangu ni mapokezi kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo huko Thorncliffe Park. Mwenye kliniki ni Razia, mama wa Kihindi, Mkhoja, mzaliwa wa Moshi. Baba yake aliuza misumari na mabati karibu na soko, na familia ilihama Razia akiwa amemaliza sekondari. Anazungumza Kiswahili haraka kuliko mimi, hasa anapogombana na fundi wa mashine ya fotokopi, ambaye haelewi hata neno. Amenikataza kabisa kusimulia habari za wagonjwa, na ninamtii, isipokuwa huyu mmoja aliyeniruhusu. Chumba chake cha kwanza kina pazia badala ya mlango. Sikujaribu kusikiliza. Wala sikuziba masikio.

Razia alimwanza kwa Kiingereza, kikazi. Akamwambia aketi, akamshika bega, akauliza linaendeleaje.

"Good," akasema Elinaza.

Razia hakusema kitu. Nilingoja kusikia kalamu, nikaona kimya. Simu yangu iliita, nikaikata. Kimya kikaendelea mpaka nikaanza kuona aibu mimi niliyeko nje. Kisha nikasikia Kiswahili cha Moshi kabisa:

"Elinaza. Hilo jina la Machame, au nakosea? Nimesoma na Elinaza wawili, mvulana na msichana. Haya, nzuri nimeisikia, asante. Ila?"

Hapo kijana akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na mzee mmoja wa Kipashtuni, mtu wa Afghanistan, aliyekuwa anasubiri zamu yake kwenye mapokezi akainamisha kichwa kwa heshima. Elinaza akaanza kusema, na hakusimama. Ila vidole vimekufa ganzi. Ila vilianza kabla ya lile anguko, msimu mzima, na hakumwambia mtu. Ila akilala ubavu ule anahisi moto shingoni. Ila mama yake anamvalisha shati na anaimba wimbo wa kanisani ili asionekane anasikitika. Ila anaogopa. Razia alikuwa anajibu neno moja tu, "Ila?", kila kijana alipotua, mpaka zikaisha.

"Vizuri," Razia akasema. "Sasa tunaweza kufanya kazi."

Habari ya vidole ndiyo ilikuwa kubwa. Razia alimpigia daktari aliyempasua, ambaye alikuwa hajawahi kuambiwa habari za ganzi, naye akamwita upya, akakuta mshipa wa fahamu umebanwa. Ukafunguliwa mapema. Daktari alimwambia ungechelewa zaidi pengine ningekuwa nakupa pole tu. Kisha mazoezi yakaanza upya, kutoka chini kabisa: kusimama mbele ya ukuta na kutambaza vidole kwenda juu, taratibu, hadi panapouma, na kusema panapouma. Hilo la kusema ndilo lililokuwa zoezi gumu kuliko yote. Siku zingine alitaka kuruka. Razia alikuwa anamrudisha. "Mimi sihitaji ujasiri wako, nahitaji habari," alimwambia, na nikayaandika maneno hayo nikayabandika kwenye friji yangu kwa ajili ya Silvanus, ambaye huficha jino bovu mpaka shavu linavimba.

Ukutani Razia alibandika vipande vya utepe wa rangi, kila vidole vilipopanda. Kuna wiki utepe haukusogea kabisa. Kuna wiki ulirudi chini, Elinaza akatoka bila kuniaga, nami sikumfuata. Mwezi wa sita, siku ya joto la kwanza la kweli, nikaitwa ndani. Elinaza alikuwa amesimama mbele ya ukuta, uso umemtoka jasho, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kichwa chake, kiganja kimelala ukutani. Hakuwa anajivuta, alikuwa amesimama tu.

"Anti," akasema, "ona."

Nikaona. Nilipiga kigelegele ndani ya kliniki ya watu, na yule mzee wa Kipashtuni akapiga makofi bila kujua tunashangilia nini.

Siku hizi Robo Beki ni kocha kwenye shule yake ya zamani. Mkono haujarudi kama ulivyokuwa, na hasemi umerudi. Hawezi kuirusha theluji ikapige kengele ya baiskeli. Anarusha kadiri ya mtoto wa sekondari kudaka, na anasema hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Nilimuuliza siku moja kama anajuta. Alikuwa anakula ugali kwangu, akafikiri kwanza.

"Nilicheza, Anti. Mtu wa Machame, nimesimama katikati ya uwanja, watu elfu thelathini, na mama yangu amefumba macho. Wangapi wanapata hiyo? Nashukuru. Nashukuru hata lile jitu." Akamega tonge. "Ila ningesema mapema."

Nikacheka, kwa sababu ila ilikuwa imetoka yenyewe, bila kuvutwa.

Silvanus na mimi tulikwenda kumwona akifundisha. Mazoezi yalipoisha, watoto walipita mbele yake mmoja mmoja, Watamil, Wajamaika, Wafilipino, Wasomali, watoto wa Malvern. Yeye anamuuliza kila mmoja hali, mtoto anasema good. Na kocha haondoki. Anasimama pale, mikono mfukoni, anamtazama na kusubiri. Mtoto mmoja mnene, nadhani wa Kijamaika, akahangaika, akakuna shingo, kisha akasema kwa sauti: "Good, Coach. Ila my knee."

Silvanus alinishika mkono. "Umesikia?"

Nilisikia. Wote wanalijua neno lile. Hakuna aliyewaambia ni Kiswahili, wanadhani ni neno la mpira.

Na sasa niwaambie la mwisho, la sherehe ya Uhuru ya mwaka 2014, kwa sababu ndilo lililonifanya nikae niandike. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tuko jikoni kwa Mama Elinaza, mimi namenya vitunguu saumu, yeye yuko kwenye jiko anakaanga vitunguu maji. Mwaka uliotangulia sufuria ilishushwa na Silvanus akiwa juu ya stuli, huku anatuagiza tumshike kiuno. Safari hii Elinaza akaingia, akaning'iniza koti, akatazama juu ya kabati. Akainua mkono wa kulia. Ukapita kifua, ukapita bega, ukafika. Vidole vikashika ukingo, akaishusha polepole mpaka kifuani, na palipobonyea pakawa panaonekana.

Mama yake alikuwa amesimamisha mwiko.

"Habari ya mkono?" akauliza.

"Nzuri."

Tukasubiri. Mimi nilikuwa nimeshika kitunguu saumu, nimekibana. Mama Elinaza alimtazama mwanawe usoni, akamsikiliza kama anavyosikiliza uwanjani. Elinaza akatabasamu.

"Nzuri, Mama. Basi. Hakuna ila."

Mama Elinaza akasema Bwana asifiwe, akageukia jiko haraka ili tusimwone. Ningeishia hapa na ingetosha. Lakini Elinaza hakuiweka sufuria chini. Alikuwa anamtazama mama yake, jinsi alivyoegemea jiko kwa mkono mmoja, na jinsi alivyojizungusha mwili mzima ili kuifikia chumvi badala ya kupiga hatua.

"Na wewe, Mama?" akauliza. "Habari zako?"

"Nzuri tu, Bwana asifiwe. Lete sufuria, mafuta yanaungua."

Elinaza hakuleta. Akasimama pale pale, sufuria kifuani, akanyamaza kimya kile alichojifunza kwa Razia. Mimi nikaacha kumenya. Nilikumbuka kwamba mwaka mzima jirani yangu huyu anashuka ngazi kwa ubavu, na nilipomuuliza aliniambia ni viatu vipya. Nikaridhika, mimi ninayejidai kujua kuuliza mara mbili.

"Nzuri," Mama Elinaza akasema tena, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Elinaza akaendelea kusubiri. Vitunguu vikaanza kushika rangi.

"Ila magoti, baba," akasema mama yake.

"Toka lini?"

Mama Elinaza akautazama mwiko. "Toka hujaanza huo mpira wako."

Elinaza akaiweka sufuria mezani, akazima jiko, akamvutia mama yake kiti.